Bush mdogo au Obama: nimchukue yupi kwa wasilisho?

Kijana wa Uzamili: Wakuu, habari za jioni. Nina wasilisho wiki ijayo: rais mmoja wa Marekani wa zama hizi, mafanikio yake na yaliyomtia doa. Nimebaki na wawili, George W. Bush na Obama. Moyo uko kwa Obama ila nahisi nusu ya darasa itamchukua yeye. Bush watu wanajua Iraq tu. Nishaurini, muda umebana.

Kisiki: Hujasema kitu. Unasoma nini? Dakika ngapi? Unamtetea au unampima? Na anayetoa maksi ni mtu wa aina gani? Wapo ambao ukimsifu Bush wanakukata kabla hujafika Baghdad.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, chukua Bush. Nimekuwa nesi miaka ile ambayo ARV zilikuwa za wenye pesa. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, aliitangaza Januari 2003, dola bilioni 15 kwa miaka 5. Wagonjwa tuliozoea kuwapokea kwenye machela wakaanza kuja kliniki kwa miguu yao, wanapanga foleni na kugombana kwa nini fulani kaitwa kwanza. Mgonjwa akigombana ujue anapona. 2005 akaleta mpango wa malaria, Tanzania, Uganda na Angola zikawa za kwanza.

Pwaguzi: Bibi, shikamoo. PEPFAR sikatai. Lakini Iraq huipitii pembeni. Waliingia Machi 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi, silaha hazikuonekana mpaka leo. Mwaka uliofuata zikatoka picha za wafungwa wakiteswa na askari wa Marekani gereza la Abu Ghraib. Gereza la Guantánamo, la washukiwa wa ugaidi, kafungua yeye, Januari 2002.

Kisiki: Na Obama akasema ataifunga. Alisaini amri Januari 22, 2009, hata viti vya ikulu hajavizoea, ifungwe ndani ya mwaka mmoja. Bunge likamnyima fedha za kuwahamishia wafungwa Marekani bara, akaondoka 2017 wamebaki 41. Mashambulizi ya droni nayo: Bush alianza, Obama akazidisha. Septemba 2011 kule Yemen akauawa kwa droni Anwar al-Awlaki, mhubiri wa al-Qaeda na raia wa Marekani, bila kufikishwa mahakamani. Na aliyeidhinisha alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba!

Pwaguzi: Majeshi Iraq aliyatoa nani?

Kisiki: Tarehe ya kutoka, mwisho wa 2011, imo kwenye mkataba ambao serikali ya Bush ilisaini na Baghdad 2008. Soma kwanza.

Pwaguzi: Nimesoma kabla hujajiunga humu.

Kijana wa Uzamili: Asanteni sana wakuu. Nasoma utawala wa umma, dakika 20, napima pande zote. Halafu mhadhiri amesema sera za ndani tu. Vita na misaada ya nje havihesabiwi.

Bi Mkubwa wa Tanga: Ungesema mapema nisingemaliza bando langu.

Mama Minnesota: Sera za ndani? Sogea hapa mdogo wangu. 2006 tulinunua nyumba kwa mkopo wa riba inayobadilika. Mwanzoni raha, baadaye rejesho la mwezi likapanda, na mume wangu akapunguziwa zamu kazini. 2009 serikali ya Obama ikatangaza HAMP, mpango wa kulegeza mikopo ya nyumba, wakasema utawafikia watu milioni 3 hadi 4. Tukaomba. Benki, jina nalihifadhi, ikataka hati za mshahara. Nikatuma kwa faksi. Kimya. Napiga simu, naambiwa hazijafika. Natuma tena, naambiwa sasa zimepitwa na wakati, leta za mwezi huu. Kila ukipiga anapokea mtu mwingine, unaanza kusimulia upya toka harusi yako. Mwisho wakatuweka kwenye malipo ya majaribio, yamepunguzwa kidogo. Tukalipa bila kukosa. Ikaja barua: hamkustahili, na ile tofauti mliyopunguziwa ilipeni yote kwa mkupuo pamoja na faini. Nyumba ikaenda mnada.

Zile dola bilioni 700 za kuokoa mabenki alizisaini Bush, Oktoba 2008, na bado watu wanamlaumu Obama. Hilo namtetea. Lakini HAMP ilikuwa yake, na mabenki yaliachiwa kuingia kwa hiari. Ukisimama pale ukasema "aliokoa uchumi", jiandae kuulizwa uchumi wa nani.

Sauti ya Mvita: Pole sana dadangu. Hata hivyo kwa sera za ndani Obama ana sheria ya bima ya afya, Machi 2010. Kampuni haiwezi kukukataa kwa sababu una kisukari, na mtoto anabaki kwenye bima ya mzazi hadi miaka 26. Bush ana nini? Kimbunga Katrina? Watu wako juu ya mapaa New Orleans, yeye anamsifu mkuu wa shirika la maafa kwa kazi nzuri, na siku chache baadaye mkuu huyo akajiuzulu.

Kisiki: Ana bima ya dawa kwa wazee, 2003. Na Obama aliahidi kwamba aliyeipenda bima yake atabaki nayo. 2013 watu kwa mamilioni wakapata barua za kufutiwa. Tena sheria hiyo ilipita bila kura hata moja ya Republican, chama cha Bush, na 2012 aliyeiokoa kule Mahakama Kuu ni Jaji Roberts, aliyeteuliwa na Bush, ambaye Obama akiwa seneta alimpigia kura ya hapana. Anzia hapo, darasa zima litakusikiliza.

Kijana wa Uzamili: Hiyo nzuri! Lakini sasa nimchukue nani?

Dereva wa Ubungo: Mimi Obama namkumbuka kwa foleni. Julai 2013, barabara zimefungwa, mheshimiwa yuko mtambo wa Ubungo anapiga danadana mpira unaozalisha umeme. Bush naye alikuwa Dar siku hizohizo, wakaweka shada pamoja ubalozi wa Marekani kwa waliokufa kwa bomu la 1998.

Pwaguzi: Bomu la 1998 ni enzi za Clinton. Mbona Clinton hatajwi? Bajeti yake ilifikia ziada, na kashfa anayo ya kujaza dakika zote 20. Bunge lilimshtaki Desemba 1998, Seneti ikamwachia.

Mama Kigali: Clinton hapana. 1994 serikali yake ilikwepa hata kuyaita mauaji yetu ya Rwanda kwa jina lake, mauaji ya kimbari, kisha 1998 akaja uwanja wa ndege wa Kigali kutuomba radhi, akaondoka bila kufika mjini.

Pwaguzi: Mama, hayo ni mambo ya nje, hayahesabiwi.

Mama Kigali: Kwa nani?

Kisiki: Pwaguzi, na ziada hiyo ya bajeti usimpe Clinton peke yake. Bunge lilikuwa la Republican.

Pwaguzi: Nilijua utakuja na hilo.