Tupeane uzoefu: nani amewahi kuvuna viazi nyumbani hapa Dar?

Mtu wa Chanika
Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa nachimba shimo la taka nyuma ya nyumba, jembe likatoa kiazi mviringo kimoja, kidogo kama gololi, kimesinyaa. Nikakaa chini. Mwaka jana nilinunua sado mbili Mabibo, nikaviacha vichipue, Januari nikavipanda matuta sita. Majani yalistawi mpaka majirani wakawa wanasimama kwenye uzio kuyaangalia. Kila jioni namwagilia maji ya kununua. Siku ya kufukua, matuta yote sita hayakujaza bakuli la mboga. Niliumia, maana watoto nilikuwa nimeshawaahidi chipsi za shambani kwetu. Mliojaribu mliishia wapi?

Binti wa Makete
Pole kaka. Hukukosea kumwagilia, ni joto. Kiazi mviringo kinatunga vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20, na ubaridi wa usiku ndio muhimu zaidi. Usiku wa Februari Dar unazunguka nyuzi 25, mmea unaishia kwenye majani. Ukitaka kujaribu tena, panda mwishoni mwa Mei ule ubaridi kidogo wa Juni na Julai uukute, na utafute viazi vya mbegu. Vya sokoni vinakuja na magonjwa yake.

Mzee wa Matuta
Naunga mkono. Dar ni kiazi kitamu.

Mama Tunu
Mmenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia nje ya familia.

Nilikuwa nimepanda viazi mviringo kwenye viroba nyuma ya jiko, Kivule. Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kilwa. Mimi nikaenda kazini, sikumwambia chochote. Kwao kiazi ni kiazi kitamu, na majani yake ni matembele, mboga ya kila siku. Akachuma ungo mzima, akaunga kwa nazi, akasonga ugali. Watoto wakamwambia bibi, mboga chungu. Akaongeza tui.

Saa sita usiku mtoto wa kati akaanza kutapika. Nikadhani malaria. Sijamaliza kumfuta, mdogo naye akaanza, halafu nikamsikia bibi anagugumia chooni. Kuhara, tumbo linawakata, kichwa kinawagonga. Tukabanana kwenye bajaji moja. Wote watatu wakatundikiwa dripu. Daktari ananiuliza wamekula nini, namjibu matembele, anatikisa kichwa, ananiuliza tena. Mpaka alfajiri, bibi sauti imekauka, akasema, "Yale yako ya kwenye viroba mwanangu, yaliyosimama, hayatambai." Hapo ndipo nilipoelewa.

Walipona. Lakini bibi alilia siku mbili kwamba amewalisha wajukuu sumu, na mwenye kosa ni mimi niliyeondoka bila kumwambia.

Kijana wa Kitunda
Dah, pole sana mama. Bibi yupo?

Mama Tunu
Yupo, alhamdulillah. Akija sasa tunachuma mboga pamoja.

Ngosha
Pole dada, ila tusitishane. Mnavu nao ni jamii hiyo hiyo ya viazi mviringo na tumeula tangu utoto.

Binti wa Makete
Ngosha, hapo hapana. Tumbaku nayo ni jamii hiyo, mbona huipiki? Kila mmea una sumu yake na kiasi chake. Majani ya kiazi mviringo hayaliwi, maua hayaliwi, na kiazi chenyewe kikipigwa na mwanga kikawa kijani, hicho hatari. Kuchemsha hakuondoi sumu ile. Kwetu tunavifunika udongo vikichungulia, na tukivuna vinakaa gizani.

Ngosha
Sijasema watu wale majani ya mviringo. Nimesema wasiogope mnavu.

Binti wa Makete
Basi andika hivyo. Kuna mama hapa karibu afiwe.

Mtu wa Chanika
Wakuu, taratibu. Mama Tunu, asante kwa kusema. Kesho nang'oa yote yaliyobaki, mama yangu naye ni wa Mkuranga. Sasa hicho kitamu, mnakihifadhije? Nasikia hakikai.

Mzee wa Matuta
Usivune vyote. Kiache ardhini, fukua cha kula tu. Miaka yote Mbagala nafanya hivyo.

Kijana wa Kitunda
Mzee, shikamoo, mimi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Niliviacha ardhini mpaka Septemba, udongo ukapasuka, fukusi wakaingia. Kila ninachokata kina vishimo, kinanuka, kichungu hata mbuzi hataki. Vilivyokomaa miezi minne, mitano, vuna vyote.

Mzee wa Matuta
Marahaba. Hukupandishia udongo. Nyufa ndio mlango wa fukusi, ziba kila wiki. Na usipande palepale msimu unaofuata.

Ngosha
Kwetu Shinyanga tunakata vibichi tunaanika, ndiyo michembe. Ukichemsha kwanza ndipo ukate uanike, ni matobolwa. Vinakaa miezi. Niliwaanikia wanangu hapa Dar mwezi wa nne, siku ya tatu vimeota ukungu vyote. Jua la Dar lina unyevu. Subiri Agosti.

Dada wa Goba
Mimi sivioshi. Navitandaza kivulini kama siku tano, joto letu hili linatosha kufunga michubuko, kisha kwenye boksi la mchanga mkavu. Vinafika miezi miwili. Vyenye jeraha tunakula vya kwanza.

Mzee wa Matuta
Weka jivu, si mchanga.

Dada wa Goba
Jivu nilijaribu, vikasinyaa.

Mtu wa Chanika
Nitajaribu vyote viwili, boksi kwa boksi. Marando, yale majani ya kupandia, nipate wapi?

Mzee wa Matuta
Njoo Jumamosi asubuhi, nitakutumia ujumbe nikuelekeze. Njoo na kiroba ukiloweshe. Nitakukatia ncha, urefu wa futi moja, ukifika panda jioni hiyohiyo, theluthi mbili ndani ya udongo.

Mama Tunu
Mzee, na mimi nikatie. Ya kutambaa.