Mtoto kachemka usiku, asubuhi kaamka mzima: aende shule au abaki? Naombeni ushauri

MamaWawili_Ilomba – Jumatatu, saa 3 usiku

Habari za jioni wapendwa. Naandika nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mwanangu. Leo nimeumia, na nataka kusikia kwa waliopitia.

Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 7, yuko darasa la pili. Wa kike ana miaka 4, yuko chekechea shule hiyohiyo. Nauza nguo za mitumba Mwanjelwa. Baba yao ni dereva wa lori, wiki hii yuko Tunduma kwenye foleni. Nyumbani hakuna dada wa kazi wala bibi.

Jana usiku kijana alichemka. Saa kumi alfajiri nikampa panadol ya maji, nikamfuta na kitambaa, akalala. Saa kumi na mbili kaamka anamchokoza mdogo wake, namgusa paji la uso, la baridi kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikajua homa imekwisha. Kitu kimoja tu sikukipa uzito: uji wake aliuacha kikombe kizima, ukashika utando juu. Kwa baridi hii ya Mbeya nikamvalisha sweta mbili, nikampandisha bajaji.

Saa nne na nusu mwalimu akapiga simu. Nilipofika nikamkuta amelalia dawati, sweta moja kajifunika kichwani, anatetemeka. Mwalimu akaniambia mbele ya watu, "Mama, ulijua mtoto anaumwa ukamleta." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli nilijua.

Lakini muhula uliopita nilimbakiza siku tatu kwa mafua, nikaitwa shuleni kuulizwa kuhusu mahudhurio, na jaribio la hesabu lilimpita. Nikimpeleka kosa, nikimbakiza kosa. Na siku nisipofungua meza, marejesho ya kikoba hayanisubiri.

Naombeni mnisaidie. Asubuhi ile, bajaji iko njiani, ninyi mnaangalia nini kwa mtoto ndipo mnaamua?

---

NesiMstaafu_Tukuyu

Pole sana mwanangu. Usijilaumu, kosa hilo nimeliona kwa wazazi wengi sana, na hata mimi kwa wanangu wa kwanza nililifanya.

Panadol inafanya kazi kama saa nne hadi sita hivi. Hesabu mwenyewe. Ulimpa saa kumi alfajiri, kufika saa nne asubuhi imekwisha nguvu, saa nne na nusu simu ikalia. Homa haikuondoka, dawa ilikuwa imeikalia tu. Ndiyo maana tunasema mtoto arudi shule akishamaliza saa 24 hana homa NA hajapewa dawa ya kushusha homa. Akichemka usiku wa Jumapili, Jumatatu haendi, hata aamke anaruka kamba.

Halafu paji la uso kwa baridi yetu hii linadanganya. Mtoto anaweza kuwa na uso wa baridi na mwili ndani unawaka. Nunua kipima joto, kiweke kwapani, bana mkono wake mpaka kilie. Ikisoma 37.5 kwenda juu, sisi zahanati tunahesabu ni homa. Na ule uji ulioachwa, mimi ningeuamini kuliko paji la uso. Mtoto mwenye kawaida ya kula anapoacha kikombe kizima, mwili umeshasema.

Sasa mengine kwa haraka. Kutapika na kuhara, mimi nashika siku mbili kamili tangu mara ya mwisho, maana vyoo vya shule mnavijua na maji ya kunawa si kila siku yapo. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, anywe kidogokidogo. Tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yakauke yawe magamba. Surua ni hospitali kwanza, na shule hagusi mpaka zipite siku nne tangu vipele vitoke. Mashilingi ya kichwani, yaani mapunye, hapa wengi wanakosea, wanamfungia mtoto wiki nzima. Hapana. Aanze dawa, aende shule, ila asiazimane kofia wala chanuo na wenzake. Na ya kichwani haiponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, inataka dawa ya kumeza, kwa hiyo aonwe na mganga.

Kuna hali ambazo usiulize habari ya shule, beba mtoto nenda: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea hata kumwamsha ni kazi, au akipumua mbavu zinaingia ndani. Hizo hazisubiri kukuche.

---

Baba_Makete

Kwa heshima ya mama yangu nesi, mimi nina wazo tofauti. Sisi huku Makete tumekua tukienda shule na mafua, miguu peku, barafu iko kwenye majani. Mtoto akipiga chafya mara mbili anabakizwa, atazoea kubaki. Ninao watano, mafua hayajawahi kumzuia hata mmoja. Masomo yakishapita yamepita.

---

NesiMstaafu_Tukuyu

Baba Makete, kwenye mafua tuko pamoja. Mafua bila homa, mtoto anakula, anacheza, hakohoi mpaka akakosa usingizi, huyo aende. Apewe kitambaa chake, afundishwe kukoholea kwenye kiwiko. Nikisema kila kamasi ibaki nyumbani, watoto wa nyanda za juu wasingesoma tangu mwezi wa tano hadi wa nane. Homa ndiyo sikubaliani nayo kuipeleka darasani.

Ila kikohozi kikifika wiki mbili, usiseme tena ni baridi. Apimwe, na kifua kikuu kiwemo kwenye vipimo.

---

Mwl_Mafinga

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nimesikitika ulivyoambiwa mbele ya watu. Maneno yale ni ya kuzungumza pembeni.

Upande wetu hali iko hivi. Dawati moja nakalisha watoto watatu, wakati mwingine wanne. Mmoja akitapika, nina wengine wa kuwatoa, hakuna chumba cha kumlaza, na simu ya mzazi haipatikani. Mtoto mwenye homa hasomi. Anakodoa macho ubaoni, ukimuuliza hata jina la herufi hajui, kesho yake unamfundisha upya. Kwa hiyo ile siku uliyoogopa ipotee inakuwa imepotea vilevile, tena imepotelea kwenye dawati gumu.

Kuhusu mahudhurio, kinachotuumiza sisi ni kutojua. Mimi nikipata ujumbe wa simu kabla ya watoto hawajaingia mstarini, "mwalimu, fulani ana homa, leo hatakuja," hiyo ni ruhusa, naiandika. Kosa ni siku tatu za kimya. Chukua namba ya mwalimu wa darasa, si ya mwalimu mkuu. Na mwombe amruhusu mtoto wa jirani akuletee daftari lenye kazi ya siku. Jaribio likimpita, mzazi akija kwa upole, mimi huwa namkalisha siku nyingine. Wapo wenzangu wasiofanya hivyo, lakini kuomba si kosa.

---

Mkyela_Halisi

Dada, nina swali kabla ya yote. Huyo kijana amesafiri karibuni? Mbeya mjini mbu si wengi, lakini akilala huku kwetu Kyela hata siku mbili, habari nyingine.

---

MamaWawili_Ilomba

Kaka umenishtua. Wiki mbili zilizopita tulikuwa Kyela kwenye msiba, tulilala siku nne, na chandarua hakikutosha.

---

Mkyela_Halisi

Basi kesho asubuhi nenda kapime malaria, dada yangu. Kipimo chenyewe ni tone la damu la kidoleni, majibu ndani ya dakika ishirini hivi. Malaria inaweza kuja wiki mbili baada ya kung'atwa, na madaktari wa huko juu wakisikia Ilomba wanaweza wasiiwazie, kwa hiyo UWAAMBIE mtoto alilala Kyela. Usinunue dawa mseto dukani kwa kubahatisha. Ikionekana ipo, dozi ni sita kwa siku tatu, azimalize hata kama siku ya pili anacheza mpira. Malaria mtoto hamwambukizi mwenzake wa dawatini, lakini mwili umechoka, apumzike.

---

Mama_Junior_Kihesa

Kamwene nyote. Mimi naleta upande ambao haujaguswa.

Binti yangu mwaka jana alikuwa na "tumbo" kila Alhamisi. Nampima, hana homa. Hatapiki. Namwacha nyumbani, saa nne anaomba chipsi. Nilimgombeza sana, nikamwita mwongo. Siku moja namfunga viatu, nikaona mikono imelowa jasho na midomo inacheza, baridi ya Iringa saa kumi na mbili asubuhi! Nikaketi naye chini. Alhamisi kulikuwa na jaribio la hesabu, na kila aliyekosa alikuwa anachapwa kwa idadi ya makosa. Tumbo lilikuwa linamuuma kweli, kwa hofu.

Nilikwenda kuongea na mwalimu, sikwenda kwa ugomvi, tukaelewana. Tumbo likaisha. Kwa hiyo wewe mama ukiona ugonjwa una siku yake kwenye kalenda, usikimbilie dawa wala fimbo. Uliza.

---

Muuza_Viazi_Soweto

Dada wa Mwanjelwa, wote wamekuambia mtoto abaki, mimi nakuuliza abaki na nani. Hapo ndipo sisi wa sokoni tunapokwama.

Nilikuwa namlaza wangu chini ya meza kwenye magunia. Usifanye hivyo. Vumbi, moshi wa majiko ya mama lishe, watu wanamruka, na usipomwona dakika tano hujui amepumua vipi. Pia nilikuwa namfungia ndani na jiko la mkaa apate joto. Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye nguvu zake, alizolewa hana fahamu kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ile haina harufu. Tangu siku hiyo jiko linakaa nje, ndani ni blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga.

Tulichofanya sisi ni hiki. Tuko akina mama wanne wenye meza za jirani, wote tuna watoto. Tulikubaliana kabla hajaumwa mtu. Wa kwako akiumwa, unabaki naye wewe, na sisi watatu tunakuuzia meza yako, bei ya chini kabisa ukiwa umeiandika kwenye karatasi. Jioni pesa inaletwa kwenye bahasha. Hakuna anayemlipa mwenzake. Mwezi uliopita nilibaki siku mbili, nikaletewa elfu thelathini na mbili. Si kama ningekuwepo mwenyewe, lakini marejesho yalitoka. Ongea na wenzako wiki hii, usisubiri saa kumi na mbili asubuhi mtoto kachemka ndipo uanze kupiga simu.

---

NesiMstaafu_Tukuyu

Viazi Soweto, Mungu akubariki kwa hilo la jiko.

Mama Wawili, nilisahau. Panadol inapimwa kwa kilo za mtoto, umri peke yake hautoshi, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Andika saa uliyompa. Asprini usimpe kabisa. Na yule mdogo naye mwangalie, wanalala kitanda kimoja najua.

---

MamaWawili_Ilomba – Jumatano, saa 2 na robo usiku

Ndaga fijo wapendwa wangu. Nimesoma yote, nyingine mara mbili.

Jana tulikwenda kituo cha afya. Nilimwambia daktari habari ya Kyela kabla hajauliza. Malaria hakuna. Alimwangalia koo, tonsili zimevimba zina usaha mweupe, na mwanangu hakuwahi kusema koo linauma, kumbe ndiyo sababu ya uji. Amepewa antibayotiki, nimeambiwa nimalize dozi yote, na kwamba akishatumia siku nzima na homa ikakata anaweza kurudi.

Panadol ya mwisho nilimpa jana saa mbili usiku, nimeandika ukutani kwa penseli juu ya kitanda. Leo nimempima asubuhi 37.1, mchana 36.9, sasa hivi 36.8. Saa 24 zimetimia. Amekula ugali na dagaa, ameomba kuongezewa, anabishana na dada yake kuhusu mto. Kwa mwalimu wake nilituma ujumbe jana na leo, akajibu "apone haraka," na mtoto wa jirani ameleta daftari la hesabu, kurasa mbili.

Meza yangu amekaa mwenzangu wa pembeni. Hatukuwa tumepanga, nilimwomba tu, na yeye akasema alikuwa anatamani mtu aanzishe. Jumapili tunakaa watatu.

Huyu mdogo ameanza kukohoa tangu magharibi. Hana homa. Nimemhesabu pumzi amelala, dakika nzima kwa saa ya simu: 26.

---

NesiMstaafu_Tukuyu

26 kwa umri wake ni sawa, wasiwasi unaanza ikifika 40 akiwa ametulia. Kaka yake akilala vizuri usiku huu, kesho aende, dawa yake ya mchana uipange akirudi. Mdogo mpime tena saa kumi na moja alfajiri, kabla hujawasha jiko.

---

MamaWawili_Ilomba

Sawa mama. Nimeshatega saa.