Nina kiroba kizima cha vipande vya vitenge na sina cherehani, nianzie wapi kupamba sebule?

binti_mbagala:

Habari za saa hizi wadau. Shangazi yangu ni fundi nguo, anashona sana magauni ya vitenge na sare za harusi, sasa juzi alikuwa anasafisha kibanda chake akataka kuchoma vipande vyote vilivyobaki, nikamwambia we shangazi subiri kwanza, basi nimerudi nyumbani na kiroba kile cha unga cha kilo 25 kimejaa mpaka juu. Vipo vya kila aina, vingine vikubwa unapata hata foronya, vingine vyembamba kama mkanda, kuna vya khanga, kuna satini za mabibi harusi, kuna na vile vinavyoteleza sijui ndo nini.

Mi nakaa chumba na sebule, makochi yamechoka kiasi na ukuta uko mtupu kabisa. Nataka mito ya makochi, kitu cha kuning'iniza ukutani, na kizulia cha mlangoni kama kitawezekana. Tatizo sina cherehani, shangazi mwenyewe yuko Chanika siwezi kwenda kila siku, afu mwenye nyumba wangu ukigonga msumari anasikia hata akiwa msikitini 😂

Vipande nivifue kwanza au nishone hivyohivyo? Na ndani ya mto mnajaza nini maana bei za sponji siku hizi mnazijua wenyewe.

fundi_wa_kona:

Dada kwanza mwaga vyote sakafuni uvichambue, hiyo kazi usiiruke. Usichambue kwa rangi kwanza, chambua kwa aina ya kitambaa. Kama huna uhakika kata kauzi kadogo kakamate kwa kibano ukawashe juu ya sahani, pamba inaungua kama karatasi na inanuka karatasi, jivu lake laini ukiligusa linapukutika. Poliesta inayeyuka inajikunja na inaacha kidonge cheusi kigumu, na hicho kikiwa cha moto usikiguse kinakwenda na ngozi. Vya poliesta weka pembeni, usivishone pamoja na vya pamba kwenye mto mmoja kwasababu siku ukipiga pasi ya kitenge poliesta itang'ang'ania kwenye pasi na kazi yote imeisha.

Kufua ni lazima. Kitenge kipya na khanga mpya vina wanga wa kiwandani na vingi vinarudi (vinasinyaa) kidogo, ukishona bila kufua halafu ukafua mto kipande kimoja kinarudi kingine kimebaki palepale, mto unakuwa na mikunjo kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Loweka maji ya baridi, vya rangi kali peke yake, badilisha maji mpaka yawe meupe. Anika kivulini.

Sasa vipimo. Mto wa inchi 16 ndo rahisi kwa anayeanza. Kata kadibodi mraba wa inchi 5, huo ndo mfano wako, kila kipande unachora kwa chaki kufuata hiyo kadibodi. Upande wa mbele unataka miraba 16, minne kwa minne. Ukishona kwa kuacha nusu inchi kila upande, kila mraba unabaki inchi 4, kwahiyo mbele inakuja inchi 17 na ukishafunga pembeni unapata 16 kamili. Na fuata mwelekeo wa uzi wa kitambaa, usikate mshazari hata kama unaona unaokoa kipande, mshazari unavutika na mraba wako utageuka kitu kingine.

Nyuma usihangaike na zipu, fanya ya bahasha. Vipande viwili vya inchi 17 kwa 11 na nusu, kila kimoja pinda inchi moja upande mmoja ule mrefu, ukivilaza vipishane inchi 4 hivi. Mto unaingizia hapo unatolea hapo.

Mtu_wa_Pwani77:

Rangi zisichuje si unaloweka tu na chumvi na siki? Bibi zetu walifanya hivyo miaka yote

fundi_wa_kona:

Mkuu chumvi inatumika wakati wa kutia rangi, kitambaa kikiwa bado ndani ya sufuria. Kikishatoka kiwandani kinachuja, ile ni rangi ya ziada haijashika, chumvi haiwezi kuishikisha tena. Maji mengi tu, kama kinaendelea kuchuja baada ya hapo hicho kitumie kwenye kitu ambacho hutakifua.

kipusa_msumbufu:

Samahani lakini jamani viraka viraka sebuleni si nyumba inaonekana kama kilinge cha mganga?? Mi bora ninunue kava za dukani zinafanana

Mama_Zulfa:

@kipusa_msumbufu ukichanganya nyekundu, nyeusi na nyeupe tu hapo ndo kilinge kweli mteja atavua viatu mlangoni mwenyewe 😂😂 Lakini una hoja kidogo, mwanangu binti_mbagala sikiliza. Kitenge kina maua makubwa na kinapiga kelele, ukiweka vitenge 16 tofauti kwenye mto mmoja jicho halina pa kupumzika. Chagua rangi moja ambayo inarudi kwenye kila kipande, mfano bluu, hata kama ni kidoti tu. Afu katikati ya vipande vyenye maua ingiza kitambaa kitupu, marekani ile ya rangi ya maziwa ni bei rahisi sana na inatuliza. Mraba wa ua, mraba mtupu, mraba wa ua. Utaona.

Kuhusu kujaza, mimi ni mtu wa Tanga na sisi kwetu mto ni sufi, hizi habari za sponji tumezikuta ukubwani. Msufi ukipasua tunda lake unapata ile pamba nyepesi inang'aa, unaichambua unatoa kokwa zote, unaianika juani. Mto wa sufi ni mwepesi na haunyonyi maji kirahisi ila una masharti yake. Lazima utengeneze mfuko wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, marekani ni nzuri, la sivyo sufi inapenya na utakuwa unatembea na manyoya kwenye nguo nyeusi. Huo mfuko wa ndani haufuliwi, unaanikwa tu juani na kupigwapigwa, unafua kava la nje. Kuchambua fanya mahali hakuna upepo na ufunge kitambaa puani, na kama kuna mwenye pumu hapo nyumbani acha kabisa tumia kitu kingine. Na usiweke karibu na jiko, sufi inashika moto haraka mno.

Vile vipande vidogo kabisa visivyofaa kitu unaweza kuvikatakata na kujazia lakini mto unakuwa mzito na una mabonge. Mimi huwa nafanyia mito mikubwa ya kukalia chini, pale uzito unasaidia.

binti_mbagala:

Mama Zulfa asante sana shikamoo. Sufi nitaitafuta. Fundi nawe asante, nimechora kadibodi tayari. Lakini kushona miraba yote hiyo kwa mkono jamani si nitamaliza mwaka kesho? Hakuna njia ya mtu wa sindano tu?

nurat_mombasa:

Ipo njia, na kwa maoni yangu ndio ya kwanza ungejaribu kabla ya hiyo miraba.

Nilimpeleka babangu matibabu India, tukakaa Bengaluru muda mrefu kidogo, na siku moja kwa maonyesho ya kazi za mikono nikaona mablanketi ya viraka yananiita kutoka mbali, nikadhani ni mtu wa kwetu ameleta leso, yaani khanga. Kumbe ni kazi ya wanawake wa Kisidi, ni Wahindi wenye asili ya Afrika, wazee wao walivushwa hii bahari karne nyingi nyuma, wengi kama watumwa wa Wareno huko Goa, wengine wakatoroka wakaingia misitu ya kaskazini mwa Karnataka na hadi leo wako huko. Hayo mablanketi yanaitwa kawandi. Hakuna cherehani kabisa, ni sindano, uzi mnene, na nguo kuukuu.

Ujanja wake uko hapa. Huungi kipande na kipande. Unatandika kitambaa kimoja kikubwa cha chini, wao hutumia sari iliyochakaa, wewe tumia leso ya zamani au shuka. Unaanzia pembeni kabisa kwa kona moja. Unakunja ukingo wa kitambaa cha chini kwa ndani, unachukua kiraka chako nacho unakunja ukingo wake, unakilaza juu, na unapiga bandi, ule mshono wa sindano kuingia na kutoka kwa mstari, kupita vyote. Kile kinachofuata unakipandisha kidogo juu ya mwenzake, unaficha ule ukingo mbichi, unaendelea na bandi hiyohiyo mstari mrefu mpaka kona nyingine, unageuka. Unazunguka hivyo hadi ukutane katikati. Mistari iwe karibu karibu, upana wa kidole kimoja hivi. Kwa hiyo kuunganisha, kupinda na kutia nakshi vyote vinaenda pamoja, na kiraka kinaweza kuwa na umbo lolote, cha mkanda sawa, cha pembetatu sawa, hukati chochote kwa kadibodi. Na hiyo mistari ya bandi ndiyo inapendeza zaidi, kitambaa kinajikunjakunja kidogo.

Mwisho kwa kila kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa tabaka juu ya tabaka, wanaita phula, maana yake maua, na husema kawandi isiyo na hayo maua iko uchi. Waislamu wengine hushonea mwezi, Wakristo msalaba. Nilinunua moja ndogo ya mtoto iko hapa kwa kiti cha babangu.

Dada anza na ndogo, ukubwa wa mto wako, inchi 17 kwa 17. Ukifika katikati una mbele ya mto tayari na ina tabaka mbili, haichaniki upesi. Ukipenda ifanye ndefu uining'inize ukutani.

fundi_wa_kona:

Hii nimeipenda kwakweli. Naongeza tu kwa anayeanza, tumia uzi wa pamba mnene au ule wa kudarizi ukunje mara mbili, usichukue uzi mrefu kuliko mkono wako maana utafunga mafundo. Na uvae kastabini kidoleni, tabaka tatu nne za kitenge zinapiga kidole.

otis_nakuru:

Mjadala mzuri huu. Mimi niko na kitu ya kusema kuhusu hiyo kizulia ya mlango. Vitenge ukivitumia peke yake vinatoka nyuzi nyuzi ukitembelea, afadhali uchanganye na fulana za mtumba zilizochakaa, hizo ukikata hazitoki nyuzi. Chukua gunia la katani, lile lenye mashimo, si kiroba cha plastiki. Pinda ukingo ushone. Kata vipande inchi moja upana na inchi nne urefu, ingiza kwa shimo moja utoe kwa shimo la pili, funga fundo. Jaza safu kwa safu. Mama yangu aliuza hizi sana. Ni kazi ya jioni ukiwa mnaongea, mtoto wa shule pia anaweza.

Kama hutaki gunia, suka mikanda mitatu kama nywele, ukifika mwisho unaunga mkanda mwingine, ukishapata msuko mrefu unauzungusha chini kama konokono ukishona pembeni kwa pembeni. Laza kwa meza au sakafu wakati wa kushona, ukishikilia mkononi unakaza sana na kizulia kinainuka kinakuwa kofia.

Kwa sakafu ya vigae (tailizi) tafuta tyubu ya gari iliyokufa, kata vipande vinne ushonee chini kwa kona. Bila hiyo mgeni ataingia sebuleni kwa kuteleza.

Mama_Zulfa:

Na ukuta bila msumari mwanangu, zile kulabu za kubandika usinunue kama ukuta wako ni wa chokaa, zinatoka na unga wa chokaa usiku unasikia puu. Ning'iniza kwenye fimbo ya pazia au egemeza juu ya kabati la tivii. Ungo chakavu unafaa sana, kata kitenge kizidi ungo inchi mbili kuzunguka, paka ile gundi nyeupe ya maseremala kidogo tu, tandaza ukivuta kutoka katikati kwenda nje, mabaki pindia nyuma ubandike. Ua moja kubwa la kitenge likikaa katikati ya ungo linatosha, usiweke maua kumi. Nyungo tatu za ukubwa tofauti zinapendeza kuliko moja. Na kipande cha khanga chenye jina usikitupe, ila angalia umekata wapi, jirani yangu alibandika kilichobaki cha "hasidi hana sababu" pakabaki "hasidi" peke yake inawaangalia wageni.

binti_mbagala:

😂😂😂 nimecheka mpaka basi. Nimeamua naanza na hiyo kawandi ndogo, bluu na marekani, shuka la zamani ninalo. Swali la mwisho, zile satini na vinavyoteleza nifanyie nini?

nurat_mombasa:

Satini zikate mikanda uzisuke za kufungia mapazia. Zinateleza kwa sindano lakini kwa kusuka ziko sawa tu, na ncha zake zipitishe haraka kwa moto wa mshumaa zijifunge zenyewe, zisiendelee kuchambuka. Usizitie kwa kawandi.

fundi_wa_kona:

Na zile zisizojulikana kabisa mpigie shangazi, atakwambia kwa kuzishika tu.