Mjadala: Maoni yetu yanakwenda wapi tukishayatoa?

Wadau, salaam. Naomba tujadili jambo hili kwa utulivu, maana limeninyima usingizi. Mwananchi wa kawaida, asiye diwani, asiye mbunge, asiye mtaalamu wa lolote, maoni yake kwenye uamuzi wa umma yawe na nguvu gani? Yasikilizwe tu kisha yawekwe kando, au yamfunge yule aliyeyaomba?

Nimelianzisha kwa sababu nimebishana na rafiki yangu mhandisi wa maji, mtu ninayemheshimu sana. Yeye anasema: "Ndugu yangu, wananchi wataje shida, wataalamu tutafute jawabu. Kila mtu akiwa mwamuzi hakuna mradi utakaosimama." Najua wengi hapa mko upande wake. Nami kuna mahali nakubaliana naye, nitapafikia. Ila nianze na mkasa wa nyumbani.

Kijijini kwetu, sitakitaja jina, mkutano mkuu hufanyika chini ya mkorosho mkubwa karibu na ofisi ya kijiji. Wazee hukaa kwenye mabenchi ya shule, akina mama hutandika kanga upande wa kivuli, vijana husimama nyuma na baiskeli zao. Miaka michache iliyopita uliitishwa mkutano, akaja mgeni akatambulishwa kuwa ni mwekezaji, anahitaji ekari mia tatu upande wa malisho. Watu wakauliza maswali: ajira ngapi, njia ya ng'ombe itapita wapi, kisima cha bondeni kitakuwa cha nani. Mwenyekiti akasema maswali yote yamepokelewa, yatafanyiwa kazi. Hakuna mkono ulionyooshwa kupiga kura. Mkutano ukafungwa kwa dua.

Wakati watu wanaondoka, karatasi ya mahudhurio ikapitishwa. Mama yangu akaweka sahihi yake, jina kamili kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Juu ya karatasi ile hapakuwa na kichwa chochote, mistari mitupu tu.

Miezi mingi baadaye, mwalimu mmoja mstaafu alikwenda ofisini kufuatilia mambo yake, akaona muhtasari wa mkutano ule. Umeandikwa kwamba wananchi kwa kauli moja wameridhia ardhi itolewe. Nyuma yake imebanwa karatasi ya mahudhurio, na jina la mama yangu lipo, mstari wa kumi na kitu. Mama aliposikia hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyetoa?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Sasa tuangalie sheria inasemaje, kwa sababu wengi hawajui kwamba kwenye makaratasi mwananchi wa kijijini Tanzania ana madaraka makubwa kuliko mwananchi wa nchi nyingi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo ndio mamlaka ya juu kabisa kijijini. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inakwenda mbali zaidi: halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Hata ikiwa ardhi ya kijiji inahawilishwa, yaani inahamishwa kuwa ardhi ya jumla isiyo tena chini ya kijiji, eneo likiwa chini ya hekta 250 ni mkutano mkuu wenye kauli ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo Waziri ndiye anayeamua, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Ekari mia tatu ni kama hekta 120. Maana yake akina mama wale waliokaa kwenye kanga walikuwa na neno la mwisho kisheria, na neno hilo likachukuliwa kwa karatasi isiyo na kichwa.

Katiba nayo haikukaa kimya. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Someni vizuri hapo: kufikia uamuzi. Kutoa maoni ni hatua ya kwanza ya safari hiyo.

Kwa hiyo nikiambiwa tatizo ni wananchi kutoshirikishwa, nasita kidogo. Tunashirikishwa sana. Tunaitwa kwenye mikutano ya kijiji na ya mtaa, tume zinapita, wadau wanaalikwa kwenye kumbi na kupewa maji ya chupa. Kinachokosekana ni ajenda moja ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kikao cha harusi, cha kikoba au cha kamati ya shule anaijua. Ukishasomwa muhtasari wa kikao kilichopita na kuthibitishwa, kinachofuata ni yatokanayo. Yaani mlituagiza hili, tumelifanya hivi. Mlisema lile, tumelikataa kwa sababu hizi. Kikoba cha watu ishirini hakiwezi kuendelea bila yatokanayo, mweka hazina angefukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini mambo ya nchi nzima yanaendeshwa bila hiyo ajenda, na tumezoea.

Kuna mifano miwili mikubwa ya kwetu, na naona inafundisha mambo tofauti.

Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali kukusanya maoni: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Karibu wanane katika kila kumi waliojitokeza walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 tukaingia. Watu wa upande wa mhandisi wangu hupenda sana mfano huu, wanasema mnaona, walio wengi walikosea na wenye busara wakaamua. Mimi nausoma vingine. Tume ile haikuishia kuhesabu vichwa. Ilisikiliza pia sababu, ikaona kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walikitaka kwa masharti, wakitaja mambo ya kubadilishwa ndani yake, na ikaona kwamba wachache waliotaka vyama vingi nao wana haki yao. Kisha ikaandika kwa nini imefika ilipofika. Unaweza kubishana na hitimisho lake, lakini una kitu mkononi cha kubishana nacho. Hayo ni yatokanayo, hata kama jibu halikuwa ulilolitaka.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilianza kuzunguka nchi kukusanya maoni ya Katiba mpya. Watu walijitokeza, wakasema. Baadaye yakaja mabaraza ya katiba, rasimu ikapelekwa kujadiliwa, na mwishoni mwa Desemba 2013 rasimu ya pili ikakabidhiwa. Ilikuwa na muundo wa serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), na ilikuwa na kifungu cha wananchi kumwondoa mbunge wao kabla muda haujaisha, jambo ambalo hata mama yangu aliyemaliza darasa la nne alilielewa mara moja. Bunge Maalumu la Katiba likakaa 2014, kundi la UKAWA, yaani umoja wa wajumbe wa upinzani, likatoka nje mwezi Aprili, na Oktoba ikapatikana Katiba Inayopendekezwa. Serikali tatu hazimo. Kumwondoa mbunge hakumo. Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi naandika hapa haijapigwa.

Simlaumu mtu kwa kuwa na maoni tofauti na rasimu ile. Bunge Maalumu lilikuwa na haki ya kujadili. Ninachouliza ni hiki: yule mtu wa Kigoma au Pemba aliyesimama juani kumwambia Jaji Warioba anataka uwezo wa kumrudisha mbunge nyumbani, nani alirudi kumwambia kwa nini ombi lake limeondolewa? Mtu huyo ukimwita tena kesho atoe maoni, atakuja?

Jirani zetu wa Kenya wamelifikisha swali hili mahakamani, na ndiyo maana nafuatilia sana ya kwao. Katiba yao ya 2010 inaitaja wazi shughuli ya kushirikisha umma, na Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, ile inayopanga kodi. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba Bunge linapaswa kueleza kwa nini limeyakubali au limeyakataa maoni ya umma. Nilifurahi kana kwamba nami ni Mkenya. Furaha haikudumu: 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, na wajibu ule wa kutoa sababu ukaanguka nayo. Katikati ya hukumu hizo Kenya ilikuwa bado inauguza majeraha ya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kuukataa Mswada wa Fedha wa mwaka huo, Bunge likavamiwa tarehe 25, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi. Mimi sisemi barabara ndiyo njia. Nasema mtu aliyejaza fomu ya maoni akaona haikujibiwa hatajaza ya pili.

Sasa hoja za upande wa pili, maana sitaki mjadala wa kujipigia makofi.

Utaalamu. Mhandisi ana haki anaposema kina cha kisima hakipigiwi kura. Kweli kabisa, mwamba hauulizi walio wengi wanasemaje. Lakini kituo cha kuchotea kiwe wapi, kifunguliwe saa ngapi, ndoo iwe shilingi ngapi na mjane asiye na shilingi afanyweje, hayo si ya vipimo. Nilimuuliza ni miradi mingapi aliyoiona imekufa kwa sababu ya hesabu mbaya ya pampu, na mingapi imekufa kwa sababu watu hawakukubaliana nani atunze fedha ya dizeli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya pili ni mingi." Namshukuru kwa ukweli wake.

Hoja inayonipa shida kweli ni ya walio wengi kuwaonea wachache. Mkutano mkuu unaweza kuamua kwa sauti moja kuwafukuza wafugaji, au kumnyima mama aliyeachika shamba alilolima miaka ishirini. Nimeyaona. Kwa hiyo nikisema maoni yawe na nguvu, simaanishi kila linaloshangiliwa chini ya mkorosho ni haki. Sheria yenyewe imeona hatari hiyo, ndiyo maana baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Je, inatosha? Naona haitoshi, kwa sababu kuwepo na kusema ni mambo mawili, hasa shemeji yako akiwa ndiye mwenyekiti. Hapa nakaribisha mwenye jawabu bora, mimi sijalipata.

Na hii ya kwamba watu hawaji mikutanoni: ni kweli hawaji. Sheria inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu, na kuna vijiji mwaka unakatika haujaitishwa, au unaitishwa msimu wa kupalilia watu wakiwa mashambani. Mtu akishaenda mara tatu hajasomewa mapato na matumizi, mara ya nne anabaki na jembe lake. Huyo msimwite mvivu.

Turudi kwa ekari mia tatu. Yule mwalimu mstaafu hakwenda kwenye vyombo vya habari. Alisubiri mkutano uliofuata, na mtendaji alipotaka kuruka kwenda kwenye michango ya shule, mzee alisimama na kusema, "Mwenyekiti, muhtasari usomwe kwanza." Ukasomwa. Ulipofika kwenye "wameridhia kwa kauli moja" mkutano mzima uliguna. Ilichukua saa nzima, lakini watu walikataa kuuthibitisha, na kukataa huko kukaandikwa. Jambo liko ngazi za juu hadi sasa, malisho bado ni malisho. Na mama siku hizi akiletewa karatasi anaigeuza kwanza, kisha anamwambia mtendaji, "Andika juu hapo ni ya nini, mwanangu, halafu nipe kalamu."

Pendekezo langu ni hili, lipondeni au lijengeni: sheria imlazimishe yeyote anayekusanya maoni ya wananchi, awe mtendaji wa kijiji, halmashauri, kamati ya Bunge au tume, arudi pale pale alipoyachukulia ndani ya muda uliowekwa, aseme lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, asiporudi, uamuzi wake uwe batili. Wenzangu wa vijijini na mitaani, kwenu mara ya mwisho kusomewa muhtasari wa mkutano uliopita ilikuwa lini? Na mlio watendaji humu, ni kitu gani hasa kinawazuia?