Mjadala: Anajua kazi lakini tabia zimemshinda. Ukae ujifunze au uondoke?

Wakuu, kuna kauli inazunguka sana: mtu ambaye maisha yake mwenyewe yamemshinda hana cha kukufundisha. Mlevi asikueleze habari za akiba, aliyeachika asikushauri mambo ya ndoa. Mimi naipinga, ingawa kuna mahali naikubali.

Wazee walishasema mganga hajigangi, na hawakusema hivyo ili watu waache kwenda kwa mganga. Aliyefilisika anazijua dalili za biashara inayokufa kuliko ambaye yake haijawahi kuyumba. Muulize ilianzia wapi. Atakwambia alianza kulipa deni la huyu kwa hela ya yule, kisha akawa hafungui daftari la mauzo, maana alishajua litamwonyesha nini. Somo kama hilo hulipati kwa aliyefanikiwa tangu siku ya kwanza.

Mfano ninaoupenda ni wa Michael Faraday. Alikuwa kijana wa kujalidi vitabu, shule kidogo tu, hadi mwaka 1813 Humphry Davy, mwanakemia aliyegundua potasiamu na sodiamu, alipomchukua awe msaidizi wake kwenye maabara ya Royal Institution, London. Mwaka huohuo wakaondoka kwenda kuzunguka Ulaya, na huko Faraday akafanywa pia mtumishi wa kubeba na kutumwa. Mke wa Davy ndiye aliyezidisha. Lakini katika safari hiyohiyo alikutana na wanasayansi wakubwa wa wakati ule na kuona Davy anavyofanya majaribio. Miaka ilivyopita jina la kijana likaanza kung'aa, na mwaka 1823 alipopendekezwa kuingia Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, aliyempinga alikuwa Davy huyohuyo, tena akiwa rais wa chama. Faraday aliingia hata hivyo. Mwaka 1831 akagundua namna sumaku inavyozalisha umeme kwenye waya, na jenereta zimetokana na hapo. Angeondoka kwa hasira wakiwa safarini, sidhani kama angefika huko.

Sasa wale wa "vumilia tu, hata sisi tulifundishwa hivyohivyo" wasishangilie mapema. Wivu wa Davy haukuharibu vipimo vyake. Kuna walimu ambao kasoro yao imo ndani ya kazi yenyewe, na hao ndio ninaowaogopa. Fundi umeme hazimi swichi kuu, hapimi kama waya una moto, anaingiza mkono huku anapiga stori. Mwanafunzi anatazama na kuamini kwamba huo ndio uzoefu. Miaka miwili baadaye naye anafanya hivyo bila hata kukumbuka aliutoa wapi ujasiri huo. Ulevi wa mwalimu unauona na unaweza kuukataa. Njia yake ya mkato unaibeba bila kujua, isipokuwa uwe na fundi wa pili wa kumlinganisha naye. Kwa hiyo nashauri mtu asiwe na mwalimu mmoja tu.

Matusi nayo tusiyaite mafunzo. Msimamizi akikurudishia ripoti, akakata mistari mitatu na kuandika pembeni "umeshalisema hili juu", amekufundisha. Akiitupa mezani na kusema ni upuuzi, hujapata kitu hapo, na anayedai ukali ule ndio uliomjenga huenda alijengwa na kile kikalamu cha pembeni. Na anayeweka jina lake kwenye kazi yako, au anayetaka mwili wako ndipo akuelekeze, huyo hatumjadili. Unaondoka.

Kinachonisumbua ni wa katikati: mjuzi kweli, hakuibii, hakugusi, ila kila jioni unarudi nyumbani umenywea. Na si kila mtu ana pa kwenda akiacha. Mliopita kwa mtu wa namna hiyo, mlijuaje kwamba mlichobakiza kujifunza hakistahili tena bei mnayolipa?