Eti watu wa kale walikula nyama tupu? Mdogo wangu kaacha ugali kwa ajili hiyo

Mtoto_wa_Chumbageni:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya kale. Nina mdogo wangu hapa Tanga mjini, kaona video mtandaoni eti binadamu kabla ya kilimo aliishi kwa nyama tu ndo mana alikuwa na nguvu, basi toka mwezi uliopita kaacha ugali, kaacha wali, kaacha hata maharage, ni steki asubuhi mchana jioni, na mafuta anayakata anamtupia paka. Sa hivi kachoka, choo hapati, mama halali. Nikimsemesha ananijibu "Olduvai wamekuta mifupa au wamekuta mihogo?" hapo nanyamaza mana jibu sina. Ni kweli anachosema?

Mwl_Muheza:
Pole sana ndugu yangu. Kwanza huyo kijana apelekwe akaonwe na daktari, historia itamsubiri.

Mihogo asingeikuta hata angechimba nchi nzima, mana muhogo umeletwa na Wareno kutoka Amerika juzi juzi tu. Ila nyama walikula kweli, tena zamani sana. Pale Olduvai Mary Leakey alipookota fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959 (hilo jina ni letu, Waarabu wa zamani waliita hivyo pwani yetu hii) ilichimbwa mifupa mingi ya wanyama ya kama miaka milioni 1.8, na ukiitazama kwa hadubini unaona mikwaruzo ya jiwe lenye makali, pale nyama ilipobanduliwa. Wataalamu bado wanabishana kama wale waliwinda wenyewe au waliwapokonya wanyama wakali, mana mingine ina alama za meno pia.

Sasa mwambie aangalie na hili: mifupa mingi pale imepasuliwa kwa kugongwa na jiwe. Walikuwa wanatafuta uboho. Mnyama wa porini hana mafuta mengi, kiangazi ndo kabisa, na ini la binadamu lina kikomo chake kwenye protini, ukila mnofu mkavu peke yake siku nyingi bila mafuta wala wanga unadhoofika huku tumbo limejaa. Yale anayompa paka ndo mtu wa kale angeyakimbilia kwanza.

Na mfupa unageuka jiwe unakaa, mzizi unaoza, ndo mana tunaona mifupa tu. Kwa bahati kuna pango Afrika Kusini linaitwa Border Cave, humo wamekuta mizizi iliyoungulia jivuni miaka kama 170,000 iliyopita. Kumbe walikuwa wanachoma.

BintiNewala:
Mwalimu umenigusa. Mimi kwetu kusini, nimeolewa huku Tanga, nimekua nikichimba ming'oko na bibi. Hiyo haipandwi na mtu, inajiotea porini, unakiona kikamba chembamba kimekauka unakifuata mpaka shina lake ardhini halafu unachimba, unachimba mpaka mkono unazama wote begani, unatoka na vizizi virefu vyembamba kama vidole. Tunachemsha na chumvi. Babu alikuwa mwindaji mzuri tu lakini kuna wiki alirudi mikono mitupu, sisi tulikula kila siku. Kwa hiyo mtu akiniambia chakula cha porini ni nyama tupu namuuliza ameshaishi porini na nani?

Mvuvi_Sahare:
Na pwani jamani msiisahau. Maji ya bamvua yakitoka hapa wanawake wanateremka na ndoo wanaokota chaza na kombe, mambo hayo hayo watu walifanya Afrika Kusini kule Pinnacle Point miaka zaidi ya 160,000 nyuma, magamba yamekutwa pangoni. Halafu kuna pango la Kuumbi Unguja, karibu na Jambiani, humo wamechimba mifupa ya pundamilia!! Unguja leo hakuna pundamilia hata wa dawa. Ni kwamba enzi za barafu bahari ilishuka mita kama 120, ule mkondo tunaovuka na ngalawa ulikuwa nchi kavu, wanyama wakapita kwa miguu na watu nyuma yao. Mimi kila nikivuka pale nawaza kuwa chini yangu mtu alikuwa ananyemelea nyati.

Mwl_Muheza:
Umesema kweli mkuu. Nimesahau pia Wahadzabe wetu wa ziwa Eyasi, wawindaji hodari wa upinde na mshale wa sumu, lakini ukihesabu wanachokula mwaka mzima unakuta mizizi, ubuyu, matunda pori na asali nyingi sana, wanamfuata yule ndege anayewaongoza mpaka kwenye mzinga. Nyama wanaipenda kuliko mizizi, ila siku mawindo yamekosekana mizizi ndo inawalaza.

Mtoto_wa_Chumbageni:
Asanteni sana, nimemsomea yote neno kwa neno. Hilo la uboho limemgusa, na uji kanywa jioni hii bakuli zima, kesho asubuhi naenda naye hospitali. Dada BintiNewala, hiyo ming'oko hapa Tanga inapatikana soko gani? Mama anaulizia.

BintiNewala:
Sokoni huku sijaiona kaka. Mdogo wangu akija kutoka Newala huwa ananibebea kwenye kiroba, akifika nitakutafuta nimpe mama.