Familia Moja 💛: ile fomu ya hospitali

Da Mkubwa 06:41
Habari za asubuhi. Mama Pacha kamaliza kemo ya 6, uvimbe umenywea. Daktari anataka jibu Ijumaa: aingie kwenye ule utafiti wa dawa au la. Andikeni HAPA, msinifuate pembeni.

Da Mkubwa 09:15
Tupo 14, waliosoma 11. Nawaona.

Kitinda 09:16
🙈

Kaka wa Pili 09:40
Dawa ya nini tena? Si amepona?

Da Mkubwa 09:41
Nani kasema amepona? Saratani ya ovari ina tabia ya kurudi. Hicho kidonge ni cha kuichelewesha.

Kaka wa Pili 09:44
Kwa hiyo anafanywa panya.

Kitinda 09:45
Panya wa ukoo huu angeanza kwa kuitafuna fomu 😂

Da Mkubwa 09:45
Jamani!

Mpwa Nesi 10:20
Fomu nimeisoma yote. Kompyuta ndiyo inapanga nani apate dawa na nani kidonge kitupu. Yeye hajui, daktari naye hajui. Anaweza kujitoa siku yoyote, matibabu yake hayakatwi.

Kaka wa Pili 10:22
Kidonge KITUPU? Mgonjwa wa saratani?

Mpwa Nesi 10:31
Mjomba, olaparib, kidonge kingine cha saratani ya ovari, ilijaribiwa hivyohivyo. Wanawake 391: kila wawili wa dawa, mmoja wa kidonge kitupu. Baada ya miaka 7, katika kila 100 wa dawa 67 walikuwa hai. Wa kidonge kitupu hawakufika 47. Ila wote hao 391 walichaguliwa wenye hitilafu ya jeni ya BRCA. Majibu ya jeni ya Ma'mdogo yako wapi? Akiwa nayo, dawa iliyothibitishwa ipo tayari, acheze pata potea ya nini?

Da Mkubwa 10:33
Hayajatoka. Na akiwa nayo, huenda ni ya kurithi, sisi wa tumbo moja tukapime pia.

Kitinda 13:58
Nani kaondoka na chaja yangu?

Kaka wa Pili 14:10
Baba alipougua mlisaini wenyewe, sisi tukaambiwa baadaye. Leo ndiyo mnataka maoni.

Da Mkubwa 14:11
Ulikuwa hupokei simu.

Kaka wa Pili 14:11
Ulipiga mara moja.

Shangazi 17:05
Wanangu. Kaka yangu tulimficha ugonjwa wake mpaka anaingia kaburini, na mimi nilikuwemo. Kila jioni alikuwa ananiuliza. Mama Pacha yumo humu, anawasoma.

Mama Pacha 19:22
Shikamoo Shangazi. Nawasoma tangu asubuhi, vidole vina ganzi tu, kuandika tabu. Nitamuuliza daktari habari ya jeni, na nikiangukia kidonge kitupu ugonjwa ukarudi, nitapewa nini. Kusaini bado. Kitinda, panya wako kanichekesha mpaka mbavu.

Da Mkubwa 19:24
Haya. Ijumaa nani anamsindikiza?

Mpwa Nesi 19:40
Mimi, nikipata wa kubadilishana zamu.

Kaka wa Pili 21:13
👍

Da Mkubwa 21:14
Hilo dole gumba ni la kumsindikiza au la nini?